Bibi Mkongojo Kwenye Kiti cha Kulia

Ulimwona, ukatazama pembeni. Usiniambie hukuwepo, kwa sababu mimi nilikuwepo. Meza yangu ya kushonea viatu iko mlangoni pa banda la gemu la Asukile, Mwanjelwa, tangu mwaka 2006, na kila anayeingia namjua kwa soli yake. Jumamosi ile ya mwezi wa sita ulisimama nyuma ya wenzako, mikono mfukoni, baridi ya Mbeya inakuuma masikio. Ukamwona Siwema anapigwa kwenye runinga mara ya tisa mfululizo. Ukamsikia Rabson anavyomsema. Halafu ukatoa simu ukaanza kusoma kitu, na kioo cha simu yako kilikuwa kimezima. Nilikiona. Mimi huwa sisahau, ndiyo maana watu hawapendi kukaa karibu na meza yangu.

Sasa kaa nikusimulie ulichokikwepa.

Banda la Asukile lina runinga nne na sheria moja, nayo unaijua: mshindi anabaki, aliyeshindwa anapisha. Mshindi hukaa kiti cha kushoto na padi ya kwanza mkononi, na halipi kitu mpaka apigwe. Anayekuja kumjaribu hulipa, hukaa kiti cha kulia, akipigwa anainuka, anaenda nyuma ya foleni. Watu wanaiita haki. Hata mimi niliiita hivyo, mpaka nilipoanza kuangalia saa. Anayejifunza hupigwa kwa sekunde ishirini. Anasimama kwenye foleni nusu saa, anarudi kupigwa sekunde ishirini nyingine. Anayejua ndiye anayekaa kutwa akizidi kujua. Niambie kama hujawahi kuiona sheria hiyo mahali pengine, pasipo na runinga wala padi.

Siwema ni binti wa Igawa. Mama yake anauza mchele pale barabarani, na yeye alikuja Mbeya kumsaidia mjomba wake, Mzee Shamsudin, kwenye duka la spea za pikipiki, mlango wa tatu kutoka bandani. Ana miaka ishirini na mitatu, sweta la kijivu lililovutika mifuko, na macho ya mtu anayesikiliza. Adhuhuri mjomba akifunga duka kwenda msikitini na kula, Siwema alikuwa na saa moja yake mwenyewe. Saa hiyo aliileta bandani.

Kwenye mchezo ule wa ngumi wapiganaji ni thelathini. Majina yao yameandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu wa Mwanjelwa aliyewahi kuzisoma, kwa hiyo banda likawabatiza upya: Kipara, Dada Moto, Mchoma Mkaa, Bondia. Mwisho kabisa wa mstari kuna bibi kizee aliyepinda mgongo, ameshika fimbo. Huyo ndiye Bibi Mkongojo, na ndiye ambaye Siwema alimchagua siku ya kwanza, akamchagua kila siku.

"Dada, huyo kapambo tu," Rabson alimwambia. Rabson ndiye bingwa wa banda, kiti cha kushoto kimechukua umbo la makalio yake. "Walimweka ili orodha ijae."

"Sawa. Nitacheza na pambo."

Rabson hakuwa mwongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Bibi Mkongojo hatembei, anajikokota. Ngumi yake ni fupi. Akipigwa vizuri mara nne yuko chini. Lakini ana jambo moja ambalo wengine wote ishirini na tisa hawana. Anaweza kuuchomeka mkongojo wake ardhini, akauacha pale, akamwendea adui mikono mitupu. Adui akirusha ngumi, kabla haijatua, Bibi anaweza kuuita ule mkongojo, nao unakuja kama mbwa aliyemsikia mwenyewe, unampiga adui popote alipo, kichwani, mbavuni, miguuni, mapigo sita. Kuuita sasa. Dole gumba la kushoto lichore nusu duara kwenye padi, lianzie upande wa mgongo wa Bibi, lipite chini, liishie upande wa adui, na palepale vidole viwili vya mkono wa kulia vibonyeze pamoja. Ukiwahi, Bibi anapiga hewa. Ukichelewa, umeshapigwa. Nafasi iliyopo ni ya kope moja.

Mwaka 2011, mwezi wa nane, binti mmoja aitwaye Tupokigwe alimchagua Bibi huyohuyo, kwenye mchezo uliotangulia huu. Walimcheka siku nne. Siku ya tano hakuja, na baadaye nikasikia yuko Makongolosi anapikia wachimba dhahabu. Siku zile nne mimi nilikuwa nimeinamia soli ya mtu, nashona mahali palipokwisha kushonwa. Kwa hiyo ninapokulaumu wewe, ujue naijua hiyo kazi ya kutazama pembeni. Nimeifanya.

Ndiyo maana Siwema alipokuja kukaa kwenye ndoo yangu siku moja, nilimsikiliza.

"Shikamoo, Baba Marta. Una kipande cha raba hapo?"

"Marahaba. Cha kiatu kipi?"

"Cha kidole."

Nilimkatia kisigino cha raba nyeusi, nikakichonga shimo la mviringo linalotosha dole gumba. Akakitia kwenye mfuko wa kushoto wa sweta. Kuanzia hapo aliuza plagi na cheni kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto uko mfukoni na dole gumba linachora: kulia, chini, kushoto. Mteja anauliza bei ya taa, anajibiwa. Kulia, chini, kushoto. Julai ilipoingia, vidole vikawa vinakufa ganzi, akawa anakwenda kwa mchoma mahindi kuvipasha juu ya mkaa, anageuza kama mahindi yenyewe, kisha anarudi dukani. Mjomba wake alidhani ana baridi yabisi.

Alikuwa na kazi nyingine ya macho. Alipokuwa kwenye foleni hakutazama simu kama wewe. Alitazama mabega ya wapiganaji.

"Kipara akitaka kupiga, bega linashuka kwanza," aliniambia. "Kama mtu anayejiandaa kusema uongo."

"Umejuaje mtu anayejiandaa kusema uongo?"

"Nauza spea, Baba Marta. Wote wanasema jana walinunua kwa bei ya chini."

Mwezi wa nane nilikagua kile kipande cha raba. Kilikuwa kimelika mfereji mzima, lakini upande mmoja tu, kama kisigino cha mtu anayeburuza mguu. Nikasema, huyu binti amefanya kazi. Nikamrudishia. Mimi, fundi viatu, niliyemaliza ujana wangu nikitenganisha kiatu cha kushoto na cha kulia, sikujiuliza zaidi ya hapo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mkongojo uliitikia kwa mara ya kwanza Alhamisi moja ya mwezi wa tisa. Rabson alikuwa kushoto na Kipara wake, ameshaanza kumwangalia anayefuata kwenye foleni. Bega la Kipara likashuka. Nilisikia vitufe viwili kwa sauti moja, tik, na ile fimbo iliyochomekwa nyuma kabisa ikang'oka ikamjia Kipara. Mapigo sita. Hata wale wa runinga ya mpira wakageuza shingo. Siwema alipigwa pambano lile pia, maana pigo moja zuri halimalizi mtu. Lakini aliinuka anacheka.

"Bahati," Rabson alisema.

"Bahati gani hiyo imefanya mazoezi miezi mitatu?"

Wiki iliyofuata ukaja mwaliko kutoka Iringa. Banda moja la Miomboni, la mama aitwaye Anjela, lilitaka wachezaji wawili wa Mbeya wapambane na wa kwao. Asukile akasema wa kwanza ni Rabson, wa pili ni yeyote atakayekaa kiti cha kushoto muda mrefu zaidi wiki ile. Asukile si mtu mbaya. Ni mtu asiyependa kusumbuliwa, na hao ndio wengi.

"Bosi," Siwema alisema kutoka kwenye foleni, "hiyo sheria yako inamtafuta anayejua tayari."

"Sasa nimtafute asiyejua?"

"Nipeleke mimi na Bibi. Nikishinda pambano moja, unabadilisha sheria. Asubuhi mpaka adhuhuri banda liwe la wanaojifunza, na aliyeshindwa acheze mara mbili kabla ya kuinuka."

"Na ukipigwa?"

"Sikanyagi tena hapa."

Kwa mtu aliyekuwa na saa moja tu ya kwake kwa siku, hilo si neno dogo. Asukile alijikuna kidevu.

"Kubali, bosi," Rabson akasema. "Foleni itapungua."

Watu wakacheka, na Asukile hupenda watu wakicheka kwake. Akakubali. Mimi nikasema nami nasafiri, nina dada yangu Kihesa sijamwona tangu mazishi ya baba. Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni.

Mzee Shamsudin alimpa ruhusa ya siku mbili na kumwambia asisahau kuswali. Basi lilipopunguza mwendo Igawa, mama yake alikuwa amesimama kando ya barabara kati ya magunia, kitenge kimefungwa kifuani. Siwema alimpungia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, kazini.

Kwa Anjela palikuwa na zulia, viti vya plastiki na watu wengi kuliko tulivyodhani. Iringa ni kwetu, kwa hiyo nilisalimia kamwene nikaitikiwa kamwene, nikapewa kiti cha mbele. Rabson aliingia kwanza. Akakutana na Ambrosi, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, bwana mwembamba wa miaka arobaini hivi anayecheza huku ananung'unika wimbo puani, na ngumi zake zote zinatua kwenye pigo la wimbo. Alimmaliza Rabson bila kubadilisha ubeti.

Kisha Anjela akasema Ambrosi abaki, aje wa pili. Lakini kwake mshindi hana kiti chake. Alichukua vizibo viwili vya soda, chekundu na cheusi, akavitikisa kwenye kikombe.

"Chekundu kushoto, cheusi kulia. Chukua, mdogo wangu."

Siwema akatoa chekundu.

Alikaa kiti cha kushoto. Alipomchagua Bibi Mkongojo, watu wa Iringa walicheka kwa adabu, kama watu wanaocheka kanisani. Ambrosi naye alikuwa na Kipara, kama Rabson. Mzunguko wa kwanza ukaanza. Bibi akachomeka mkongojo, akaenda mikono mitupu. Bega la Kipara likashuka. Nikasikia vitufe viwili, tik. Mkongojo haukuja. Bega likashuka tena, tik, haukuja. Kipara akampiga anavyotaka, na mara Bibi alikuwa chini, na Ambrosi bado yuko ubeti wa kwanza.

Siwema aliutazama mkono wake wa kushoto kama mkono wa mtu mwingine.

"Dada, kiti kina tatizo?" Ambrosi aliuliza, na aliuliza kwa wema.

"Baba Marta," Siwema akaniambia bila kugeuka, "mimi sijawahi kukaa hapa."

Ndipo niliposhikwa na aibu mpaka miguuni. Miezi yote ile alikuwa amekalishwa kiti cha kulia, kiti cha anayekuja kupigwa. Miezi yote ile Bibi wake alisimama kulia kwa runinga akitazama kushoto. Nusu duara linaanzia mgongoni: ukiwa kulia, mgongo uko kulia. Ukiwa kushoto, kila kitu kinageuka, na dole linatakiwa liende kushoto, chini, kulia. Ule mfereji kwenye raba ulikuwa unaniambia hivyo tangu mwezi wa nane. Alijifunza mchezo wote kwa mguu mmoja, kwa sababu sheria yetu ilimpa kiatu kimoja, na fundi aliyekuwa karibu naye hakusema neno.

"Amekwisha," Rabson alinong'ona nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anafurahi.

Mizunguko ni mitatu, anayepata miwili ndiye mshindi. Wa pili ulipoanza, Siwema hakuchomeka mkongojo. Alimkokota Bibi mpaka miguuni pa Kipara, akapigwa moja, akapigwa mbili. Watu wakaguna. Kipara akainama kumfagia miguu, na palepale Bibi akaruka. Bibi Mkongojo anaruka chini kuliko wote, hawezi kumvuka mtu aliyesimama. Aliyeinama anamvuka kwa kugusa nywele tu, na Kipara hana nywele. Akatua upande wa pili. Akageuka. Sasa alikuwa kulia anatazama kushoto, nyumbani.

Hapo ndipo ulipaswa kuwepo. Mkongojo ukachomekwa. Bega, tik, mapigo sita. Kipara akainuka, bega, tik, sita nyingine. Ambrosi akaacha kunung'unika. Alipojaribu kuruka arudi upande wake, Bibi akarudi nyuma hatua moja, akawa bado kulia. Mzunguko ule uliisha Bibi akiwa na damu ya kutosha pigo moja, lakini alikuwa amesimama, na wale waliocheka kwa adabu walikuwa wameinuka vitini.

Mzunguko wa tatu. Mwalimu wa kwaya si mjinga. Mara tu ulipoanza alimrudisha Kipara nyuma mpaka ukutani, mwisho kabisa wa runinga upande wa kulia, mgongo ukagusa. Nyuma yake hapakuwa na nafasi ya Bibi kutua. Na hakuinama tena.

"Pole, dada," alisema. "Nimekuona."

"Asante kwa kuniona," Siwema akajibu, na nakuapia hakuwa anatania.

Akamsogeza Bibi. Akajaribu nusu duara la kugeuza, la kushoto kwenda kulia, mara moja tu. Halikuja. Akapigwa. Akasogea tena, akapigwa. Mstari wa uhai wa Bibi ukabaki kama uzi. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, maana alikuwa anajipeleka kwenye ngumi. Kumbe alikuwa anatafuta urefu wa mkono. Kila mpiganaji ana mkamato, yaani kumshika adui na kumtupa, na mkamato wa Bibi ni mfupi kuliko wa wote. Lazima uwe karibu kiasi cha kusikia harufu ya mtu. Bega la Kipara likashuka, na kabla ngumi haijatoka Bibi alikuwa amemshika shingo. Akamtupa nyuma yake.

Tazama sasa walivyosimama. Kipara yuko kushoto, uwanja wote ni wake. Bibi yuko kulia, mgongo ukutani, kwenye kona, uhai wake uzi mmoja. Hakuna mchezaji anayejitia kwenye kona kwa hiari. Yeyote angekuambia kwamba hapo ndipo watu wanapofia. Siwema akavuta pumzi, akashusha mabega yake mwenyewe, na nikajua ametulia. Hapo alikuwa amekaa miezi yote ile. Anakijua kila kijiti.

Akachomeka mkongojo miguuni pake. Ambrosi akaja, na kuja kwake kulikuwa kuzuri, bila haraka. Bega. Tik. Sita. Ngumi ya pili akaichelewesha makusudi, akavunja pigo la wimbo ili amkoseshe hesabu. Siwema hakuwa anahesabu wimbo, alikuwa anatazama bega. Tik. Sita. Ya tatu, tik, na Kipara akalala chini, mikono imetawanyika.

Kisha Ambrosi akaweka padi kwenye zulia, akasimama, akampa mkono kwa heshima, kiganja cha kushoto kimeshika kiwiko cha kulia.

"Kamwene, dada. Nani alikufundisha kupigana kwenye kona?"

"Mbeya," Siwema alisema. "Walinikalisha huko."

Rabson alikuwa nyuma yangu anapiga makofi. Nimpe haki yake, alipiga makofi kuliko wote.

Tulirudi. Basi lilipofika Mafinga, Asukile, aliyekuwa ametusindikiza, akanigeukia. Ndipo akaniuliza, "Baba Marta, una karatasi kubwa?" Niliandika mimi, kwa wino mweusi wa viatu: asubuhi ni ya wanaojifunza, aliyeshindwa anacheza mara mbili. Siwema akaongeza la tatu: viti vibadilishwe kila pambano, mshindi ahame. Likabandikwa ukutani juu ya runinga ya kwanza. Mwezi wa kumi Anjela akamwita Siwema Iringa akafundishe bandani kwake, mjomba akambariki, akaenda. Ile raba aliniachia. Siku hizi dole lake linachora pande zote mbili bila raba.

Karatasi ilikaa siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa Asukile aliniomba misumari minne midogo, nikampa bila kuuliza ya nini. Akapigilia bango la ratiba ya mpira juu yake. Nimeling'oa mara mbili. Limerudi mara mbili. Mzee mmoja aking'oa bango ni kero. Watu saba wakisimama chini yake hiyo ni sheria.

Na sasa hivi, ninapokusimulia, kuna binti aitwaye Esta, kutoka Mgololo, anasoma ufundi umeme hapa mjini. Amekaa kiti cha kulia. Amemchagua Bibi Mkongojo. Amepigwa mara sita tangu asubuhi, na wewe umesimama palepale, nyuma ya wenzako, mkono unaenda mfukoni.

Acha simu. Koleo liko mezani kwangu, upande wa kushoto, lishike. Ng'oa ile misumari, karatasi iko chini yake haijachanika. Kisha nenda kwenye runinga ya kwanza, mwambie Rabson ahame, na Esta akae kushoto acheze tena. Sasa hivi, kabla hajainuka.